Bega la Baba, Bega Langu

Baba alikuwa fundi cherehani. Nguo alizomaliza alizitundika juu ya mlango, na alizishusha kwa fimbo. Mkono wake wa kulia haukuweza kuinuka kupita kifua. Ujanani alirusha mkuki mashindanoni, mpaka bega likamlazimisha kuacha.

Nilipofika miaka kumi na sita, nami nikaanza kurusha. Baba alifurahi sana. Kila jioni alinikalisha kwenye kigoda uani, nirushe mpira mzito ukutani mara mia.

"Miguu ipumzike," alisema. "Mkono ndio unaorusha."

Nazikumbuka jioni zile kwa mapenzi. Alihesabu huku pini zikiwa mdomoni, kwa hiyo sita na saba zilisikika sawa.

Wiki tatu kabla ya mashindano ya shule, bega liliniuma hata nikashindwa kuchana nywele. Nikamficha baba. Niliogopa kumvunja moyo.

Jirani yetu, mtaalamu wa mazoezi ya viungo hospitalini, alikuja kuchukua gauni lake. Nilipolishusha, nilikunja uso.

"Bega linauma tangu lini, mwanangu?"

"Wiki mbili, shangazi."

Baba aliacha kukanyaga cherehani. "Atachuliwa, aendelee. Hata mimi nilifanya hivyo."

"Na leo unashusha nguo kwa fimbo, fundi."

Baba aliitazama fimbo yake.

"Nguvu ya kurusha inaanzia miguuni," jirani alieleza. "Inapanda kiunoni, inapita mgongoni. Bega linapokea mwishoni. Ukimkalisha, bega linabeba kazi ya mwili mzima. Misuli midogo inayolishikilia inachoka, mwisho inachanika. Likiuma, aache kurusha. Kesho aje nimpime."

"Na mashindano?" niliuliza.

"Ya mwaka huu, hapana."

Nililia. Baba alinishika mkono. "Kosa ni langu, mama. Nilikufundisha nilivyofundishwa."

Baada ya vipimo, baba alikata ukanda wa tyubu ya baiskeli, akaufunga kwenye kitasa cha mlango. Niliuvuta polepole, kiwiko kikiwa kimebana ubavuni, kama jirani alivyoelekeza. Baba naye akavuta wake. Alisema ananisindikiza tu. Maumivu yalipoisha, nilijifunza upya kurusha, nimesimama, mara chache, na siku za kupumzika.

Mwaka uliofuata nilikuwa wa tatu mashindanoni, na bega halikuuma. Niligeuka kumtafuta baba. Alikuwa amesimama nyuma ya kamba, akinipungia kwa mkono wa kulia. Ulifika usawa wa sikio.