Maandishi ya Penseli ya Atupele

Kimezakaratasi, mashine ya kukusanya vitabu, kilisimama mbele ya jengo alimoishi Sekela Ijumaa asubuhi, kikafungua mdomo wake wa kioo na kuanza kula vitabu. Kilikuwa na ukubwa wa kabati la nguo. Kitabu kilipoingia, miale myembamba ilisoma kurasa zote kwa mara moja na kuyapeleka maneno kwenye Hifadhi ya Taifa, kisha meno ya chini yakakisaga kuwa rojo la kujengea kuta. Mbeya ya wakati huo ilikuwa imejengwa kwenda juu, vyumba vilikuwa vidogo, na wachache waliona haja ya kuweka karatasi ndani.

Sekela Mwambene alikuwa na vitabu tisa. Wiki mbili nyuma alikuwa amefaulu mtihani wa leseni ya kurusha setilaiti, na kwa siku tatu alikuwa akivipanga na kuvipangua, akijiuliza kama avitunze. Mumewe, Ambakisye, alimwambia leseni anayo na kila neno litabaki Hifadhini, sasa vya nini tena?

Kilichomzuia kuvitoa ni rafiki yake Atupele. Walisoma vitabu hivyo pamoja kwa miaka minne, Atupele akijaza maelezo ya penseli pembeni, maana Sekela alikuwa mzito wa hesabu za mizunguko. Matokeo yalipotoka, Sekela alifaulu, Atupele akafeli kwa alama mbili tu. Tangu hapo hawakuzungumza. Sekela aliona kumpelekea vitabu ni kama kumsimanga. Basi Ijumaa ile mashine ilipomuuliza kama anathibitisha kuvitoa, alijibu ndiyo.

Mwezi uliofuata Atupele alikuja mwenyewe. Alisema amejiandikisha kurudia mtihani, akaviomba vile vitabu.

Sekela alimweleza vilikokwenda, akawasha kiwambo haraka ili kumwonyesha kwamba vyote vipo. Kurasa zilitokea, nyeupe kabisa pembeni. Aliuliza maandishi ya penseli yako wapi. Sauti ya Hifadhi ikajibu kwa upole kwamba madoa yote huondolewa wakati wa kusoma.

Atupele alikigusa kiwambo pembeni, palipopaswa kuwa na maandishi yake.

"Nilikuwa nakuandikia wewe," alisema. "Lakini humo ndimo nilimokuwa nafikiria."

Hakugomba. Alimaliza chai yake, akaaga.

Sekela alijaribu kuyaandika maelezo yale upya kutoka kichwani. Baada ya majuma mawili alikuwa na kurasa kumi na moja tu, kati ya mamia. Alizichukua hivyohivyo akaenda kumtafuta Atupele, akaelezwa kwamba amejiondoa kwenye mtihani na sasa anasimamia roboti zinazosafisha madirisha ya maghorofa. Alimkuta chini ya jengo moja, shingo ameielekeza juu, akihesabu mashine zilizoning'inia kwenye kamba.

Atupele alizipokea karatasi akasoma amesimama. Kwenye ukurasa wa nne kidole chake kilisita.

"Hapa kwenye mfano wa ndoo inayozungushwa," alisema. "Umeandika maji hayamwagiki kwa sababu yanasukumwa nje. Si hivyo. Maji yanataka kwenda moja kwa moja tu. Ndoo ndiyo inayoyapindisha njia."

Sekela alikuwa na leseni, alikuwa amekwisha rusha setilaiti mbili, na jambo hilo hakuwa amelielewa hata siku moja. Alikuwa amelikariri jibu, basi. Alimwomba Atupele waanze upya wote wawili, kuanzia ukurasa wa kwanza. Yeye angeandika kila kitu.

Atupele alimrudishia karatasi zake zikiwa zimenyooshwa vizuri.

"Nimechoka, Sekela. Miaka minne ile nilidhani tunasoma. Kumbe nilikuwa nafundisha."

Hakulisema kwa hasira. Roboti moja huko juu ilikuwa imekwama kwenye kona ya jengo ikiita, naye akaenda kuishughulikia.

Sekela alibaki pale kando ya barabara. Zamu yake ilikuwa inaanza saa nane. Alichutama, akaweka karatasi gotini, akaifuta sentensi yake na kuandika ile ya Atupele kabla haijampotea.