Programu Iliyoitikia kwa Niaba ya Mtoto

Aliyenieleza jambo hili kwanza ni Nekoye, jirani yangu hapa Bondeni, ambaye wapangaji wote wa ploti yetu humwita Mama Lynn.

Mumewe, Sitati, alikuwa akiunda programu ya kutumiana ujumbe papo hapo kwenye mtandao. Haikuwa na picha wala vitufe, dirisha jeusi tu lenye maandishi. Kila mara mtandao ulimwita mtumiaji kwa jina, na asiyeitika alikatwa. Kwa hivyo Sitati aliifundisha programu kuitika yenyewe: “Niko.” Jina la kujaribia aliweka la binti yao wa miezi saba.

Jumapili, baada ya kanisa, alizima mtandao ili wale. Maandishi yakaendelea.

Lynn.
Niko.
Lynn.
Niko.

“Baba Lynn, nani anamwita mtoto?” Nekoye alinong’ona.

“Ni bug tu, hitilafu ndogo ya programu. Wewe pakua ugali.”

“Na hiyo harufu?”

Ilikuwa ya mayai viza, kama mvuke unaofoka ardhini kule Olkaria, nayo ilitoka kwenye kompyuta. Sitati aliacha kutabasamu. Alibonyeza hiki na kile, programu ikakataa kufungika, na sasa mwito ulikuja bila kupumzika, na kila ulipoitikiwa mtoto alijipinda kitandani kana kwamba anavutwa mguu, midomo imemkauka, macho yakitazama mlangoni ambapo hapakuwa na mtu.

Lynn. Njoo.

“Toa jina lake!” Nekoye alisema. “Inichukue mimi.”

Alimsukuma mumewe, akaandika haraka jina alilozoea kuitwa.

Mama Lynn.
Niko.
Vizuri, mathe. Mlete.

Nekoye hakumbuki kuinuka. Anakumbuka tu mtoto akiwa mikononi mwake, mlango wazi, jua kali usoni, na Sitati akimvuta leso kwa nyuma, akiita, “Nekoye! Nekoye!” mpaka akageuka. Sitati aliiponda kompyuta kwa nyundo. Harufu ikaisha.

“Imeenda,” Nekoye aliniambia. “Lakini usiniite tena Mama Lynn.”

Kesho yake asubuhi nilimkuta kwenye mfereji, Lynn mgongoni kwake, mwanangu mgongoni kwangu. Nekoye aliinama kuchota maji. Lynn akageuza shingo, akamtazama mwanangu, akasema kwa sauti kavu ya mtu mzima:

“Na huyu anaitwa nani?”

Niliacha ndoo ikifurika, nikaingia kwangu, nikafunga mlango.