Vidudu vya Bafuni na Kikombe cha Wifi

Fundi Cherehani alikuwa na macho mawili, lakini tangu wifi yake ahamie kwake, yalifanya kazi ya macho kumi. Mguu ulikuwa kwenye cherehani, jicho mlangoni mwa bafu.

"Ameingia tena," alimnong'oneza mumewe.

"Si anaoga?"

"Anaoga! Na wale minyoo bafuni? Kabla dada yako hajaja, uliwahi kuwaona?"

Mume alijikuna kichwa. Kweli, hakuwahi.

Walikuwa vidudu vyembamba vya kijivu, wakijinyonganyonga kwenye sakafu mbichi. Fundi hakuuliza mtu. Alitenga kikombe cha wifi. Akakataza watoto kulala na shangazi yao. Akamdokeza jirani wa mlango wa pili, na kabla ya jioni mtaa mzima ulijua kwamba wifi ana minyoo.

Wifi si mtoto. Alikiona kikombe chake peke yake dirishani. Akaanza kukunja nguo.

"Unakwenda wapi?" kaka yake aliuliza.

"Sijui bado. Penye vikombe vya pamoja."

Jirani, asiyetaka kupitwa na jambo, akamleta Bibi Afya, mhudumu wa afya wa mtaa. Bibi Afya aliokota kidudu kimoja kwa kijiti, akakitia kwenye chupa safi, akakiinua mwangani.

"Mmekiona wapi?"

"Sakafuni, karibu na tundu la maji," alisema Fundi.

"Basi hapo ndipo pa kuanzia. Minyoo wa tumboni hawaishi kwenye maji ya bafu. Wakitoka, hutoka na haja kubwa. Tena hawana kichwa cheusi kama hiki. Huyu ni buu. Akikua huwa yule kidudu mwenye mabawa ya manyoya, anayetua ukutani."

"Na nani kamleta?" Fundi alimtupia wifi jicho.

"Tumtege, tuone anatokea wapi. Jioni bandikeni selotepu juu ya tundu, gundi chini, muache upenyo."

Asubuhi selotepu ilikuwa imenasa vidudu vya mabawa. Bibi Afya aliingiza waya tunduni, akavuta. Likatoka donge jeusi la utelezi, limejaa nyuzi. Nyuzi za buluu.

Wote wakamgeukia Fundi. Mwezi mzima, tangu wifi ahamie, alikuwa akishona sare za shule za buluu, na kuzifua bafuni humo humo.

"Haya, shoga," alisema jirani, "sasa nani atengewe kikombe?"

"Mabuu hula uchafu huu," alisema Bibi Afya. "Kung'uteni nyuzi nje kabla ya kufua. Sugueni tundu kwa brashi na sabuni. Kumwaga dawa tu hakutoi utelezi. Na mkishuku minyoo wa tumboni, nendeni mkapimwe kituo cha afya."

Fundi alikiosha kile kikombe, akamimina chai. "Wifi yangu, nisamehe."

"Tia sukari kwanza."

Tangu hapo tundu husuguliwa kila wiki, na vidudu havionekani tena. Jicho la Fundi tu ndilo halijaacha tabia.

"Wifi, umeingia tena?"

"Nimeingia na brashi! Zamu yako kesho!"