Bakuli la Komanda

Ndugu zangu, kama mngepita Rumonge, mji wa Burundi kando ya Ziwa Tanganyika, mwaka wa pili baada ya uhuru, mkaingia asubuhi uani kwa Assumani muuza mawese, mngetamani kukaa. Njiwa walikuwa wakishuka kutoka juu ya bati kuokota mahindi. Paka wa rangi ya majivu alijilaza juu ya gunia la ndagala, dagaa wa ziwani, jicho moja limefumba, jingine likiwangoja panya. Sungura wawili walitafuna majani ndani ya banda la waya, na barazani, katika tundu jipya, alikaa kasuku wa kijivu aliyeletwa kutoka ng'ambo ya ziwa. Majirani waliuita ua ule safina, na Assumani wakamwita kapteni. Jina hilo lilimpendeza, ingawa alijifanya halimpendezi.

Nyuma ya ua, pale baraza linapoishia penye mapipa ya mawese, alifungwa Komanda.

Komanda alikuwa mbwa mwekundu mwenye kamba isiyofika hatua tatu. Assumani alimweka kwa ajili ya wezi, na dini yake haikumkataza mbwa wa ulinzi. Ila mate ya mbwa kwao ni najisi: yakigusa nguo au chombo, huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Basi nyumba nzima ikakaa mbali naye. Chakula alirushiwa. Maji yalimiminwa kwa mbali katika bakuli la bati, nusu yakaenda chini, na siku nyingine yalisahauliwa kabisa bila mtu kuuliza nani amesahau. Assumani alikuwa na jibu lake: "Mbwa akishiba na kuzoea mikono ya watu, atamubwekea nani?"

Semeni wenyewe, mtu anayemnunulia ndege tundu jipya anashindwaje kumpa mbwa maji? Msidhani alikuwa katili. Assumani aliwapenda wanyama ambao wageni huwaona, na wageni hawapelekwi nyuma ya ua.

Hata huyo kasuku wa kuonyesha wageni alimtia aibu. Mwaka mzima, kila asubuhi, Assumani alisimama mbele ya tundu na kofia yake kichwani akimfundisha: "Sema karibuni. Ka-ri-bu-ni." Kasuku aligeuza kichwa tu. Mkewe, Kadidja, alicheka mpaka akashika mbavu.

"Baba Mariyamu, ule ndege amekuchoka."

Mariyamu alikuwa binti yao wa pekee, mwenye miaka tisa, mtoto mpole wa kusema kidogo. Alikatazwa kumgusa Komanda, na aliahidiwa fimbo akimgusa.

Ijumaa moja mpiga mbiu alipita mitaani: muganga wa mifugo yuko sokoni, kila mwenye mbwa amlete achanjwe asipate kichaa, na hakuna malipo. Assumani alikuwa mlangoni katika kanzu nyeupe iliyopigwa pasi. Jirani yake Mushagalusa, mvuvi Mkristo aliyehamia kutoka Kivu ya Kusini, alisimama mbele yake akiwa ameshika kamba ya mbwa wake mwenyewe.

"Amahoro, muzee Assumani. Unipatie na Komanda, nimupeleke pamoja na huyu wangu."

"Leo Ijumaa, ndugu yangu. Nikimufungua atanirukia, kanzu itaingia najisi, na sala iko karibu."

"Haiko wewe utamushika. Ni mimi."

"Ukimushika wewe, atakuzoea. Kesho utakuja kuniiba mawese, yeye atakulamba miguu!"

Wakacheka wote wawili. Mushagalusa akaenda sokoni na mbwa mmoja. Assumani akaenda msikitini, akarudi na kanzu yake nyeupe vilevile, akaona siku imekwenda vizuri.

Baada ya miezi miwili mbwa asiye na mwenyewe alitokea upande wa msitu wa Kigwena, akaingia uani mchana kweupe. Mbwa wengine wa mtaa walimkimbia. Komanda angekimbilia wapi na kamba ile? Aling'atwa begani, na yule mgeni akatoweka kwenye michikichi.

"Muzee," alisema Mushagalusa akiwa upande wa pili wa ua, "ule mbwa wa pori hakuwa muzima. Tumuite muganga wa mifugo. Na mutoto asisogee pale."

"Mbwa anajilamba mwenyewe, anapona," alijibu Assumani. Kidonda kikafunga kweli, naye akasahau.

Wiki ya tano Komanda aliacha kula. Sauti yake ya kubweka ikawa ya kukwaruza, na mate yakamning'inia mdomoni. Assumani alimtazama kwa mbali akadhani mfupa umemkwama kooni. Alijiambia atalishughulikia jambo hilo akitoka sokoni, akaenda zake.

Aliporudi baada ya adhuhuri alimkuta Kadidja amesimama penye kamba ya nguo, gauni la Mariyamu mkononi. Mkewe hakumsalimu.

"Asubuhi mutoto amekuja na kitambaa kwenye mukono," alisema. "Akaniambia waya wa banda la sungura umemukata. Nikapasha mawese, nikamutia, nikafunga. Sasa tazama hii."

Gauni lote lilikuwa kavu isipokuwa mkono mmoja. Mkono ule ulikuwa umelowa, na kwenye mshono kulibaki udongo mwekundu.

"Baba Mariyamu, tangu lini waya wa sungura unaoshwa kwa udongo?"

Assumani alimwita binti yake, na Mariyamu akaja, mkono nyuma ya mgongo.

"Ni Komanda?"

"Nimeosha mara saba, Baba," mtoto alilia. "Nimehesabu yote. Moja kwa udongo. Usinichape."

"Na mukono wenyewe? Mukono umeosha?"

"Mukono hapana. Ulikuwa unauma."

Ndugu zangu, mtoto alijua jinsi ya kuokoa nguo yake ili asali nayo. Jinsi ya kujiokoa mwenyewe hakuna aliyemfundisha.

Kadidja alipiga ukelele, na Mushagalusa akaruka ua bila kungoja kuitwa.

"Toeni ile mawese! Leteni sabuni na maji, maji mengi, tena mengi!"

Wakamwosha mtoto kidonda kwa sabuni, maji yakimiminwa mtungi baada ya mtungi, muda mrefu mpaka mikono ya Kadidja ikafa ganzi. Kisha Assumani akambeba mgongoni mpaka zahanati. Pale muganga Casimir aliangalia alama za meno, akauliza habari za mbwa, na uso wake ukabadilika.

"Dawa iko," alisema, "lakini iko Bujumbura. Ni sindano nyingi, na zinapaswa kuanza mbele ya ugonjwa. Ugonjwa ukianza, hata mimi, hata daktari wa Bujumbura, hatuna kitu. Tafuteni kamyo sasa hivi. Mama aende naye. Wewe, mzee, rudi ukamchunge yule mbwa. Mtu asimsogelee, wala usimfungue."

Kamyo ya samaki, lori la kwenda Bujumbura, ilikuwa inaondoka. Assumani aliwapandisha juu ya shehena, akasimama barabarani mpaka vumbi likatua.

Siku ya pili, jua likiwa juu, alikuwa peke yake mwisho wa baraza akimchunga Komanda kutoka mbali. Alikuwa amemsukumia bakuli kwa mti mrefu, limejaa mpaka juu, kwa mara ya kwanza. Mbwa alijikokota, akaweka mdomo majini, koo likamkaza, maji yakarudi yote na povu. Akajaribu tena. Assumani hakuweza kutazama wala kugeuka.

Ndipo nyuma yake akasikia sauti ya binti yake, ndogo, ya kunong'ona:

"Kunywa, Komanda. Kunywa pole pole. Baba asikuone."

Akageuka upesi, akidhani wamerudi. Baraza lilikuwa tupu. Kasuku alikuwa ameegemea waya wa tundu, akarudia tena: "Kunywa pole pole. Baba asikuone."

Mwaka mzima alimfundisha ndege yule neno moja la kuwapendeza wageni, asilishike. Haya aliyashika kwa kuwa aliyasikia kila siku, Assumani akiwa sokoni. Mtoto wa miaka tisa ndiye aliyekuwa akimnywesha mbwa wake kwa wizi, na kwa sababu ya maji hayo sasa alikuwa Bujumbura akidungwa sindano za tumboni. Assumani alijifunika uso kwa kanzu yake akalia kwa sauti, mtu mzima mwenye ndevu, na hakujali nani anasikia.

Komanda alikufa kesho yake. Muganga wa mifugo akathibitisha kwamba ni kichaa cha mbwa.

Zikaja siku za kuhesabu. Kila kamyo iliyotoka kaskazini Assumani aliikimbilia. Wiki ya nne Kadidja akashuka, na nyuma yake Mariyamu, amekonda, mkono umepona, mzima. Baba yake alimbeba mpaka nyumbani, ingawa alikuwa amepita umri wa kubebwa.

Walipoingia uani kasuku akapaza sauti: "Baba asikuone!"

Mariyamu akaficha uso begani kwa baba yake, akijua siri imetoka.

"Usiogope," alisema Assumani. "Ananiambia hivyo kila siku. Na ninastahili kuambiwa."

"Komanda alipata maji, Baba?"

"Nilimupa, mwanangu. Lakini nilikuwa nimechelewa."

Mwaka uliofuata mpiga mbiu alipita tena, na safari hii tena ilikuwa Ijumaa. Wa kwanza kufika kwa muganga wa mifugo alikuwa Assumani, amemkumbatia mtoto wa mbwa aliyepewa na Mushagalusa, naye mtoto wa mbwa akimlamba kanzu yote. Kabla ya sala watu walimwona uani kwake amechutama mbele ya beseni, akiosha kanzu kwa udongo na maji, na Mariyamu amesimama pembeni akimhesabia: "Moja. Mbili. Tatu, Baba, usiruke."

FUNZO

Wanajamii wenzangu, ukifuga, umebeba dhamana. Paka wako, njiwa wako, sungura wako, kila mmoja anataka maji safi kila siku, mahali pakavu, na mtu wa kumtazama kama amebadilika. Mbwa mpe kamba ndefu na chanjo kila unapoitwa. Ukimwona anatoa mate, hali chakula, au ana hasira isiyo yake, usimchungulie kooni: wazuie watoto, uite mwenye ujuzi. Aliyeng'atwa aoshwe kidonda papo hapo kwa sabuni na maji mengi, asipakwe mawese wala kitu kingine, apelekwe zahanati kwa muganga siku ileile.

Dini haikumwambia Assumani amnyime mbwa maji. Alijiambia mwenyewe. Kanzu huoshwa ikatakata, hata mara saba. Na wewe mzazi, jiulize leo: mtoto wako akiumia, atakimbilia kwako, au atakwenda kwanza kuficha damu kwa kuogopa fimbo yako?