Mabaka Kwenye Meza ya Tabby

Kila asubuhi, baada ya kukamua ng'ombe, Tabby alifungua karakana yao pale Mweiga. Zamani fundi alikuwa mumewe, Mwai. Kisha Mwai akaanguka na pikipiki, na mkono wake wa kulia ukaishiwa nguvu. Sasa yeye aliketi akielekeza, na Tabby akashika randa na msumeno.

Kazi yake kubwa ya kwanza ilikuwa meza ya kanisa lao. Gundi ilipofurika kwenye viungo, aliipangusa kwa kitambaa chenye maji, akapiga msasa kidogo. Siku ya kupaka rangi ya mbao, ile nyepesi inayopenya ndani, meza iligeuka kahawia ya kupendeza, lakini kwenye viungo palibaki mabaka meupe. Akapaka tena. Mabaka hayakutoka.

Mwai aliyakagua mabaka bila kuyatambua. Maisha yake yote alipaka rangi nzito inayofunika kila kitu, hivyo hakuwahi kuona shida hiyo. Tabby alianza kuwaamini wale waliosema kwamba hii si kazi ya mwanamke.

Alikwenda kumwita jirani yao Beth, anayepaka fanicha vanishi mjini Nyeri. Beth alipitisha kidole kwenye kiungo.

"Tabby, mbao yako haina makosa," alisema. "Hii ni gundi. Ulipoipangusa na maji mengi, uliisambaza, ikaingia kwenye mbao. Imekauka, sasa rangi haina pa kupenya."

"Kwa hivyo nimeiharibu?"

"Hapana. Tutaikwangua."

Walikwangua polepole kwa patasi kali, kisha wakapiga msasa wakifuata mistari ya mbao. Beth akapitisha kitambaa chenye unyevu, akamwonyesha kwamba palipobaki gundi hapalowi kama sehemu nyingine. Hapo wakarudia. Meza ilipokauka, waliipaka rangi upya.

Beth alimshauri kwamba siku nyingine atie gundi kiasi. Kabla ya kuunga, abandike utepe wa karatasi kandokando ya kiungo ili gundi isiguse mbao. Gundi itakayotokeza aiache igande kidogo, iwe kama uji uliopoa, ndipo aiinue kwa patasi na kubandua utepe.

Kanisa lilipokea meza, likaagiza na viti. Tabby aliviunga kwa utepe, na rangi ikashika kote mara ya kwanza.

Mzee wa kanisa alipokuja kuvichukua, alimsifu Mwai kwa kazi safi. Mwai akaweka mkono wake wa kushoto begani kwa mkewe.

"Fundi ni huyu," alisema. "Mwambie yeye."