Kivuli cha Darubini

Jumanne saa kumi jioni, Castory, mwalimu wa sayansi, aliripoti wizi kwenye paa la sekondari moja ya Ujiji. Darubini ya jua, ya kuazima, ilikuwa bado imesimama kwenye miguu yake mitatu, ila kioo cha kuikinga na mwali hakikuwepo na kamera ilikuwa imeungua. Kufikia Jumatano asubuhi mlinzi, Nkeshimana, alikuwa rumande, na gari la kumrudisha kambini kwa wakimbizi wenzake wa Burundi lilipangiwa saa kumi.

Sajini Verediana hakuipenda kesi inayoiva upesi hivyo. Alipanda paani, akawa haishi kuizunguka darubini.

"Inafanyaje kazi hii, Mwalimu?"

"Inajiendesha, afande. Kamera inaliona jua, bomba linalifuata. Kamera ikiungua, inasimama palepale."

"Uligundua saa ngapi?"

"Saa tano asubuhi. Nkeshimana alikuwa peke yake huku tangu alfajiri. Nikafunga mlango wa paa, nikaenda kumtafuta mwalimu mkuu. Ufunguo sikumpa mtu, na darubini haijaguswa."

Kituoni, Nkeshimana alijibu akitazama sakafu. "Kioo nikipeleke wapi, afande? Imana irabizi, Mungu anajua. Wanangu watatu wanasoma shule hiyo hiyo."

Wapo waliomtaja Petero, fundi wa kuchomelea wa mtaa wa Mwanga, eti alikinunua kukinga macho. Verediana alimfuata. Kioo cha Petero kilikuwa cheusi, kimechubuka. Kilichopotea kilimeremeta kama cha kujitazamia. Saa nane ikagonga; zilibaki saa mbili gari liondoke.

Hapo akakumbuka: bomba lilielekea ziwani, magharibi. Saa tano jua huwa mashariki.

Mama yake alianika dagaa ufukweni Katonga, na saa ya kuwageuza aliijua kwa kivuli cha kijiti. Verediana akamwita Castory paani. Kivuli cha bomba kilikuwa kirefu kwenye saruji. Kikafupika, kikafupika tena. Saa tisa na dakika ishirini kikawa duara kama mdomo wa bakuli: bomba lilikuwa linatazamana na jua.

"Kamera iliungua saa hii hii jana," alisema. "Na ufunguo ulikuwa nao wewe."

Castory akaketi chini. "Kulikuwa na wingu. Nikakitoa kioo nikifute, wingu likapita ghafla. Kimo kwenye droo yangu. Darubini niliitilia saini mimi, afande. Niliogopa."

"Ukamtupia mwenzako."

"Nilidhani wataishia kumwonya."

"Jana jioni uliambiwa kituoni kwamba anarudishwa kambini. Ukafanya nini?"

"Nikaenda nyumbani. Nikala, nikalala."

Verediana alipiga simu kituoni, akaamuru Nkeshimana ashushwe garini na apewe simu. Kisha akamkabidhi Castory ya kwake.

"Mwambie mwenyewe."

Castory aliiweka simu sikioni. "Nkeshimana, ni mimi, Mwalimu. Kioo kimepatikana."

"Umekitafuta mpaka ukakipata?" mlinzi aliuliza. "Asante sana, Mwalimu. Mungu akubariki."