Kiputo Kisicho na Msemaji

Kiputo cha maneno kilikuwa kitupu, na mkia wake haukumwelekea yeyote kwenye karatasi.

Godelieve alikitazama hadi wino ukakauka kwenye kalamu. Kwa miaka mingi, katika chumba cha juu cha nyumba yao mjini Gent, alichora katuni za Fonkel, kibwengo mtoto aishiye ndani ya kengele, aliyetoka katika kitabu cha hadithi ambacho hata bibi yake alisomewa utotoni. Maneno ya katuni huandikwa na mumewe, Wannes.

"Kiputo hiki umekichora wewe?" alimuuliza mumewe.

"Mimi mtumwa wa herufi tu, bibie. Ufalme wa kuchora ni wako." Wannes alicheka, akainama, kicheko kikakatika. "Mkia huelekea anayesema. Lieve, huu unaelekea kigodani."

Kigoda cha Mirthe kilikuwa dirishani, kitupu tangu barafu ya bwawa ilipomvunjikia binti yao, akazama. Ndipo ilipowafikia harufu ya sufu iliyolowa, na tope.

Tangu mazishi, Godelieve hakuweza kumchora Fonkel wa kitabuni, mwenye pua ndefu na macho ya paka. Kila alipoigusa karatasi, alitokea Mirthe na pengo lake la meno.

Wakamwita Bibi Zulma, mwombeaji wa kijijini kwao, afukuzaye mabaya kwa sala na maji ya baraka. Alizinusa kurasa bila kuvua koti.

"Mwanangu, huyu si Mirthe. Ni kitu kisicho na uso. Kimeukuta wake umeachwa wazi, kikauvaa."

"Lakini usiku nakisikia kikiniita mama, Bibi."

"Ulitaka kikuiteje, ndipo umfungulie mlango?" Akanyunyiza maji, akashusha sauti. "Kwanza mrudishie Fonkel pua yake na macho yake. Kisha mchore akienda zake, amekupa mgongo. Usiupindue mpangilio huo. Ukikifukuza kikiwa bado na sura ya mtoto, kitaondoka nayo."

Alasiri iliyofuata, Wannes akimenya viazi jikoni, Godelieve alishika kifutio, na alipokisogeza kwenye lile pengo la meno harufu ya bwawa ikajaa chumba, kigoda kikalia kama kinavyolia kikikaliwa na mtoto mwepesi, matone yakaanza kudondoka sakafuni, na ndani ya kiputo, kwa mwandiko wa Wannes ambaye hakuwapo, herufi zikajichora moja baada ya nyingine: *Mama, baridi. Utanifuta?*

Kifutio kikamponyoka.

"Sikufuti," alinong'ona. "Nenda tu, kipenzi. Nenda."

Akachukua karatasi mpya, akamchora akiondoka vilevile alivyokuwa, na sweta lake jekundu na misuko yake miwili, mgongo umemwelekea mama. Kiputo kikafifia. Harufu ikatoweka. Sakafu ikawa kavu.

Alishuka ngazi mbio, akilia na kucheka. "Wannes! Kimekwenda!"

Wannes hakugeuka. Alisimama mbele ya picha ya ukutani, ile ya pwani, kiazi bado mkononi. Mirthe alisimama mchangani kama siku zote, sweta jekundu, upepo kwenye misuko; ila sasa alikuwa ameipa kamera mgongo.

"Lieve," alisema polepole, "alikuwa ametazama huku, sivyo?"

Godelieve akafumba macho ili aukumbuke uso wa mwanawe na amjibu mumewe. Akaona misuko miwili, na kisogo.